Mbuzi Tisa wa Mwalimu Kalekye

Mwalimu wangu,

Bwana Mkaguzi alilia kwenye mazishi yako. Nataka ulijue hilo kwanza, kwa sababu ungekuwepo ungecheka mpaka ushike mbavu. Alitoa kitambaa cheupe mfukoni, akakikunjua taratibu, akajifuta jicho moja, lile lililokuwa upande wa wageni, kisha akakikunja tena kikiwa kikavu kama kilivyotoka. Akasema, "Kazi ya Mwalimu Kalekye haitakufa." Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya shangazi yangu, Eeddo Khadija, nimejifunika mpaka puani, nikiangalia viatu vya yule bwana. Alikuwa amekanyaga udongo wa kaburi lako, na hana habari.

Siku arobaini hazikuisha, akataka kuila hiyo kazi. Namaanisha kuila kwa meno, pamoja na wali.

Nitakueleza yote. Lakini unanijua, mimi huanzia mbali.

Ninakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho mimi na wewe. Kisomali chako kilikuwa cha mbuzi tu. Ulijua kuwaita, kuwafukuza na kuwaambia wakanywe maji, na siku uliyojaribu kumsalimu Eeddo kwa Kisomali ulimfukuza kama mbuzi, naye akakuletea chai. Sijui kama dua ya msichana Mwislamu inafika upande ule wa makaburi yenu nyuma ya ofisi za serikali. Ninaiomba hivyo hivyo. Eeddo anasema haina madhara.

Habari za hapa ni hizi. Mvua iliyokuzuia kupelekwa hospitali ya Nairobi iliendelea wiki mbili baada yako. Barabara ilipokauka, sanduku lako la nguo lilipelekwa kwenu Kitui na msafara wa magari ya askari, nami niliona likifungwa kamba juu ya lori. Nilitaka kumwambia yule askari asilikalie. Sikumwambia. Alilikalia. Dada yako aliandika kwamba limefika, na kwamba ndani walikuta kopo la chumvi ya mbuzi limefungwa ndani ya nguo yako ya kanisani, wakashangaa. Mimi sikushangaa.

Mtihani nimepita. Si sana, lakini nimepita. Shule nimeiacha rasmi, na viatu vya shule nimempa binamu yangu.

Na vita bado vipo. Watu wa huko Kenya, kama tunavyowaita hapa wote wanaotoka ng'ambo ya mto, bado wanaingia Garissa wakitazama kila mwenye kikoi kama shifta, mwasi wa porini. Watu wetu bado wanaletwa kwenye vile vijiji vya ulinzi vilivyozungushiwa miiba, wakihesabiwa asubuhi na jioni. Bado wanakuja bila mifugo. Unajua walikoishia ngamia wao, wewe uliona mifupa kando ya barabara kama mimi. Ndiko alikotoka Kaha, na habari ya Kaha ndiyo inayonifanya nikuandikie leo badala ya kungoja niwe na maneno mazuri.

Ulimwacha Kaha akiwa na wiki mbili tu kwenye banda lako la mbuzi pale shuleni. Miaka saba, meno ya mbele hayapo, hajasema neno tangu aletwe kwa bibi yake. Unakumbuka alivyokuwa akikaa chini ya dirisha la darasa la kwanza, amekunja magoti, na lori likipita anaziba masikio hata kabla sisi hatujalisikia. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaandika kwenye daftari lake kwamba huyu ni bubu. Wewe ulichukua kalamu yako nyekundu, ukakata lile neno mbele yake, ukaandika "hajaamua".

Ukampa mbuzi mwekundu wenye sikio lililosimama. Wengine wakamwita huyo mbuzi Pasi, kama ile karatasi ya ruhusa ya kupita kizuizini, kwa sababu Kaha alikuwa haendi popote bila yeye. Tulicheka sana kwa jina hilo. Askari wa kizuizini alipotuuliza tunacheka nini, nawe ukamwambia, "Tunacheka pasi," hakujua kama akasirike au acheke.

Najua namna ulivyopata akili hii ya mbuzi, kwa sababu uliniambia mimi, na nadhani mimi peke yangu. Kaka yako mkubwa alirudi kutoka vita vya Wazungu huko Burma akiwa haongei. Watu wakasema amerogwa. Baba yenu akampa ng'ombe wa kuchunga, akakataza mtu yeyote kumuuliza habari za vita, wakawa wanamuuliza habari za ng'ombe tu. Mwaka ukapita. Siku moja akarudi jioni akasema, "Yule mwenye baka ana mimba," na mama yenu akaangusha kibuyu. Ndiyo hadithi nzima. Hukuisoma kwenye kitabu. Bwana Mkaguzi alipokuuliza jambo hili liko ukurasa gani wa mwongozo wa walimu, ungeweza kumwambia. Ulimwambia, "Halijafika bado, Bwana. Vitabu vinachelewa na mvua."

Siku hiyo hiyo ndiyo aliyosimama mlangoni akiwa ameziba pua. "Nimetumwa kukagua shule, nimekuta zizi." Ukamjibu, "Karibu, Bwana Mkaguzi, ila angalia usikanyage." Alikuwa ameshakanyaga. Sisi tisa tuliinamisha vichwa ndani ya manyoya ya mbuzi tusionekane tukicheka, na mbuzi wangu, Addey, akakohoa kana kwamba anatuficha.

Mjini nako walikucheka. Wazee wa sokoni walisema, "Mkamba amekuja kutufundisha mbuzi!" Walikuwa na haki kidogo, Mwalimu, usiudhike. Siku ya kwanza ulimbeba yule mwanambuzi kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, akakukojolea hadi kwenye soksi. Lakini hao hao wazee hawakuwa wamefikiri hata siku moja kwamba mtoto aliyenyang'anywa ngamia mia anaweza kushikwa mkono kwa mbuzi mmoja. Walikuwa wanahesabu walichopoteza. Wewe ulikuwa unatazama watoto wao.

Mimi nilikuwa wa kwanza wako. Sisemi haya kujisifu, bali kwa sababu sijawahi kukwambia nilivyoona. Nilifika kutoka upande wa Tarbaj nikiwa na madarasa manne kichwani na kikoi cha baba mkononi. Baba alichukuliwa kuulizwa maswali, kikarudi kikoi chake tu. Miezi miwili sikusema darasani. Walimu wengine waliniuliza: Jina lako? Baba yako yuko wapi? Uliona nini? Mmoja alinipiga rula kwenye vidole ili nijibu. Wewe ulinipa Addey, mwanambuzi mweupe ambaye mama yake alichinjwa buchani, na kila asubuhi uliniuliza jambo moja tu: "Mbuzi wako ameamkaje?" Hukungoja jibu. Uliuliza, ukaenda zako kufuta ubao. Kila siku. Ubao ulikuwa safi kuliko wote Garissa.

Asubuhi moja nikasema, "Anakohoa." Hukugeuka. Ulisema, "Basi tumpikie maji ya moto," sauti yako ikiwa ya kawaida kabisa, lakini niliona mkono wenye kitambaa cha ubao umesimama.

Na jambo la pili nililokwambia lilikuwa lile la kitovu. Nilikueleza kwamba kwetu, mtoto anapozaliwa, siku anapofungwa kitovu hutolewa mnyama akawa wake. Mnyama huyo na uzao wake ni mali ya mtoto, hata baba hawezi kumchinja bila mwenyewe kukubali. Kwa kawaida hupewa wavulana. Baba alinipa mimi mbuzi jike, watu wakamcheka, akasema binti yake naye ana kitovu. Uzao wa mbuzi huyo ulikuwa umefika kumi na wanne siku walipochukua kundi zima. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake ukaniambia nilete ile nguo niliyokuja nayo. Tukachana ukanda kwenye kikoi cha baba, nikaufunga mwenyewe shingoni mwa Addey, mbele ya Abti Gedi wa bucha, mjomba wa mji mzima, kwa sababu uliuliza nani awe shahidi nami nikasema aliyetoa mbuzi. Abti Gedi alijikuna ndevu akasema, "Haya. Sasa hii ni ya mtoto." Tangu siku hiyo kila mtoto aliyeingia bandani alifanya hivyo: ukanda kutoka nguo aliyofika nayo, mkono wake mwenyewe, na Abti Gedi shahidi. Wa Kaha ulitoka kwenye nguo ya mama yake, nyeusi yenye mistari myekundu. Alifunga mafundo manne. Hukumwambia moja linatosha.

Sasa nifike kwa yule mtu.

Alirudi akiwa na barua. Kulikuwa na baraza kubwa linakuja, machifu na wazee wanaitwa kutoka kila upande, na mgeni mkubwa kutoka Nairobi atawaambia walete watoto shuleni. Bwana Mkaguzi ndiye aliyepewa kuandaa chakula. Akatukusanya kwenye veranda, walimu, na sisi wa darasa la mwisho, akatangaza kwamba banda la mbuzi litafungwa kwa sababu za usafi, na kwamba mbuzi wale tisa, "wakiwa mali ya shule, yaani mali ya serikali," watatumika kuwakirimu wageni. Alitabasamu. "Kwa hiyo, kwa njia moja au nyingine, Mwalimu Kalekye mwenyewe atakuwa mwenyeji wetu."

Mwalimu, alisema hivyo. Na mdomo wake haukuoza.

Kisha akauliza, "Kuna mwenye neno?" Mwalimu Mkuu akatazama kalamu yake. Yule mwalimu wa hesabu, aliyekunywa maziwa ya Addey kila asubuhi kwenye chai kwa muhula mzima, akasema ni wazo la busara. Wote wakaniangalia mimi kidogo, kwa sababu wanajua nilikuwa nani kwako.

Sikusema kitu.

Nataka uniangalie vizuri hapo, usiruke. Nilikuwa na maneno. Yalikuwa yamepangana kabisa, hata nilikuwa nimechagua nianze na "Samahani". Lakini ulimi ulilala. Nilitazama vidole vya miguu yangu kama ng'ombe aliyefungwa, na yule mtu akasema, "Vizuri," akafunga faili. Wote niliowadharau pale verandani, nilikuwa sawa nao. Niliwazidi kwa jambo moja tu, wao hawakupewa Addey. Nilirudi nyumbani nikamwambia Eeddo nina homa. Eeddo alinigusa paji la uso akasema, "Homa yako iko mdomoni."

Asubuhi ya baraza nilikwenda bandani mapema kuwaaga. Hilo ndilo nililoweza kufikiri, kuaga. Banda lilikuwa tupu. Dereva wa Bwana Mkaguzi alikuwa ameshawachukua, na kwa kuwa mgeni mkubwa angepita njia ile, aliamriwa awavue "yale matambara" ili wapendeze. Aliyakata kwa kisu akayatupa kwenye shimo la takataka.

Kaha alikuwa ndani ya shimo.

Alikuwa amepiga magoti kwenye majivu na maganda, anachambua. Mkono wake wa kushoto ulishika vitambaa vinane. Alivitoa uchafu kimoja kimoja kwa mate na kidole. Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu mzima mwenye kazi nyingi. Nilisimama ukingoni nikiwa nimejifunika, nimekuja kuaga, na mtoto wa miaka saba asiyesema alinitazama mara moja, akaona sina maana, akaendelea kutafuta. Kilichobaki kilikuwa kile cha kikoi cha baba. Alikitoa chini ya karatasi za mtihani wetu, akanirushia. Si kunipa, Mwalimu. Alinirushia. Na ninamshukuru kwa namna alivyorusha, kwa sababu angenipa kwa upole ningekaa chini nikalia, na mbuzi wangekwisha.

Nilichukua vyote tisa nikakimbia mpaka machinjioni kando ya mto.

Unakujua kule, wanawake hawaendi. Kulikuwa na wanaume kama ishirini, wazee walioshuka jana yake na machifu wenye kofia, wamekaa kivulini wakingoja chai. Mbuzi wetu walikuwa wamefungwa kwenye mti mmoja. Shingo zao zilionekana nyembamba. Abti Gedi alikuwa ananoa kisu amewapa mgongo, kwa kuwa alikuwa ameambiwa tu kuna mbuzi tisa wa serikali, na mtu akishachinja miaka thelathini hatazami nyuso. Bwana Mkaguzi alikuwa hapo na suti yake, anaangalia saa.

Sijui nilifikaje katikati yao. Nilichofikiri kusema kilikuwa kimepotea chote, hata lile "Samahani". Basi nilifanya kitu kimoja tu ambacho hakihitaji akili. Niliweka kitambaa cha kwanza chini, kwenye mchanga, miguuni pa Abti Gedi, nikasema, "Hiki cha Abdullahi." Nikaweka cha pili. "Hiki cha Fatuma wa Bura." Cha tatu. "Hiki cha Issack, baba yake hajarudi." Sauti yangu ilikuwa inatetemeka kama ya mbuzi mwenyewe, mtu mmoja akacheka, mwingine akamnyamazisha. Niliendelea. Cha nane kilikuwa cheusi chenye mistari. "Hiki cha Kaha, anazo siku hamsini hajasema." Cha tisa nilishindwa kukiweka chini, nikabaki nacho. "Na hiki changu."

Abti Gedi alitazama vile vitambaa. Akageuka akawatazama mbuzi kwa mara ya kwanza. Akamwita Addey kwa jina, na Addey, mjinga yule, akaitika kwa furaha.

Abti Gedi akafuta kisu kwenye kikoi chake, akakirudisha kwenye ala, akakaa chini.

"Kuna nini?" akauliza Bwana Mkaguzi. "Mzee, saa zinakwenda."

"Bwana mkubwa, hii mbuzi iko na wenyewe. Wenyewe natoa ruhusa? Habana. Mimi nilikuwa shahidi."

"Ni mali ya serikali!"

"Serikali nafunga kitambaa gani? Onyesha mimi."

Ungekuwepo, Mwalimu! Bwana Mkaguzi alijipapasa mfukoni kabisa, kana kwamba anacho. Halafu akakasirika, akasema neno ambalo siku hizi linaweza kumpeleka mtu mahali asirudi. Akasema, "Au wewe ni shifta?"

Nilisikia mto. Abti Gedi ni mtu mnene na anapumua kwa shida, alijiweka sawa kwanza pale mchangani.

"Shifta gani iko na leseni ya bucha?" akasema.

Kicheko kilianza kwa chifu mmoja mzee mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, kikaenda mpaka kwa askari waliokuwa wanalinda. Hata dereva alicheka, akageukia tairi. Bwana Mkaguzi alisema vema, mpishi wake atachinja mwenyewe. Yule chifu akajipangusa macho akamwambia, kwa adabu kubwa, kwamba mpishi wake anaweza kuchinja, na anaweza kula pia, maana hakuna mwingine atakayekula. Hata angechinja nani. "Hii ya yatima ni moto ya tumbo, Bwana. Mimi nataka mchele tu."

Kwa hiyo wageni wa serikali walikula wali mtupu na samli. Mgeni mkubwa kutoka Nairobi alihutubia kwa saa nzima kuhusu kulea watoto walioumizwa na fujo, na Bwana Mkaguzi akafungua mikebe yake mwenyewe ya nyama ya ng'ombe, akaizungusha kwenye sinia. Ilizunguka meza yote ikarudi kwake ikiwa kamili. Eeddo alikuwa miongoni mwa wanawake waliopika ule wali, na amenisimulia habari ya lile sinia mara sita. Kila mara mikebe inaongezeka.

Usidhani alishindwa kabisa. Watu kama yeye hawashindwi, wanaandika ripoti. Kesho yake banda lilibomolewa na mabati yakapelekwa nyumbani kwa Mwalimu Mkuu, ambaye sasa ana jiko zuri. Nasikia kwenye ripoti imeandikwa kwamba mpango wa mbuzi ulikufa pamoja na mwanzilishi wake. Na nasikia amepandishwa cheo. Nilipoambiwa nilikuwa ninakamua, sikuacha kukamua.

Mbuzi wapo hapa kwetu, ndani ya ua wa Eeddo. Tisa wote. Eeddo alisema ni kwa wiki moja, kisha akaenda kukata miiba ya kuongeza ua. Watoto wanakuja shule ikifungwa, kabla ya kafyu, kila mmoja kwa wake. Abti Gedi ametuletea wengine wawili ambao mama zao hawapo, na kuna wasichana wawili wapya kutoka vijiji vya ulinzi, mmoja hulala mchana kwa sababu ya kuogopa kufumba macho gizani. Sijui mengi uliyoyajua. Sijui ufanye nini mtoto akimpiga mbuzi wake, na Abdullahi alimpiga wake wiki iliyopita kwa ufito mpaka akachoka. Nilikaa tu karibu nao. Baadaye akaenda kumletea maji. Natumaini ndivyo. Kama sivyo, sina wa kumuuliza, na hapo ndipo ninapokukasirikia kidogo, samahani.

Kila asubuhi Kaha anakuja kabla ya shule. Kila asubuhi ninamuuliza, "Mbuzi wako ameamkaje?" na ninakwenda kufagia. Ua wetu umekuwa safi mpaka majirani wanauliza kama kuna harusi.

Leo nilichelewa kuwapa majani. Nilikuwa ndani natafuta karatasi ya kukuandikia wewe, na nilipotoka Kaha alikuwa ameshafika, amesimama karibu na Pasi, mikono kiunoni. Nikamuuliza kama kawaida, nikageuka kuchukua ufagio.

Akasema, "Hajala."

Kwa hasira, Mwalimu. Kana kwamba mimi ndiye mvivu wa kwanza kuzaliwa Garissa. Sauti yake ni nzito kuliko nilivyodhani, kama ya mwanamke wa sokoni.

Sikugeuka. Nilisema, "Basi tumpe," kwa sauti ya kawaida kabisa, au niliyodhani ni ya kawaida. Lakini ufagio ulisimama, na sasa ninajua mkono wako ulivyokuwa unahisi siku ile mbele ya ubao.

Basi lala, Mwalimu Kalekye, na yule bwana akija tena kulia juu yako, msamehe au usimsamehe, ni juu yako. Mimi bado. Ninakuahidi jambo hili: nikiulizwa tena mbele ya watu kama kuna mwenye neno, nitasema, hata kama nitaanza vibaya. Na kila mtoto atakayepita kwenye ua huu ataulizwa habari za mbuzi wake, mpaka mwenyewe achoke na swali anijibu.

Ninaacha kalamu. Kaha amesimama mlangoni ananitazama, na Pasi anataka chumvi.

Mimi mwanao wa bandani,
Dahabo